Ngoro Moja ya Mzee Kapinga

Kila mwaka, wiki ya kwanza baada ya kumaliza kuchuma kahawa, Mzee Bathromeo Kapinga alikuwa anakuja kituoni kwetu Mbinga, anaitikia shikamoo yangu, anameza punje zake kwa uji, kisha anajilaza kitandani na kofia yake kifuani, akisubiri nimpalilie. Punje hizo ni ndogo kuliko ulezi, na kila moja ina taa yake na jicho lake. Kabla ya saa mbili kupita zinakuwa zimeshashuka hadi utumbo mpana, zimejishika ukutani, zinaniletea kwenye kioo kikubwa kila zinachokiona. Mimi nakaa kwenye kiti changu, naingiza mkono wa kulia ndani ya glavu, na glavu inaongoza ukucha wa mwanga unaoweza kung'oa seli moja bila kuwagusa majirani zake. Kazi hii inaitwa upalizi. Mama yangu anawaambia watu kanisani kwamba mimi ni daktari, na nimeshachoka kumsahihisha.

Wanafunzi wanaotoka Dar es Salaam wakiuona ukuta ule kwa mara ya kwanza wanasema ni sega la nyuki. Aliyezaliwa huku Umatengo anacheka, kwa sababu anachokitazama ni ngoro. Babu zetu walikuta milima mikali ambayo mvua moja ilitosha kuikokota chini yote. Wakabuni namna yao: wanaume wanakata majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mlima mzima unakuwa mashimo na matuta, maharage yanaota juu ya tuta, magugu yanatupwa shimoni yaoze, na msimu unaofuata palipokuwa tuta panachimbwa shimo. Ndivyo ukuta wa utumbo mpana ulivyo, shimo kwa shimo na tuta kwa tuta, ila mashimo yake ni mamilioni na moja halitoshi kumeza unywele wako.

Chini kabisa ya kila shimo wanakaa seli mama sita au saba. Hawa hawaendi popote. Kazi yao ni kuzaa, na watoto wao wanasukumwa juu na wadogo zao wanaozaliwa nyuma yao. Wakiwa njiani wanajifunza kazi, huyu kunyonya maji, yule kutoa ute. Siku ya nne au ya tano wanafika mdomoni mwa shimo, wanafanya kazi kidogo juu ya tuta, halafu wanajiachia na kwenda zao. Hakuna anayebaki. Ukuta uliokuwa nao tumboni Jumapili iliyopita kwenye misa sio ulio nao leo, na wewe hukusikia hata kwikwi. Nimeitazama kazi hii miaka saba, na bado kuna asubuhi nyingine naitoa mikono yote miwili nikae tu niangalie.

Ukuta wa Mzee Kapinga ulikuwa unang'aa buluu, kwa sababu haukuwa wake. Ukoo wao una ugonjwa wa vinundu. Seli zao zikifika juu zinasahau kujiachia. Zinang'ang'ania, zinarundikana, zinakuwa kinundu, na kinundu kikikaa kinageuka saratani. Baba yake alikufa na miaka thelathini na tisa, kaka yake arobaini na moja. Yeye aliokolewa na dada yake Otilia, ambaye alizaliwa bila kasoro hiyo na damu yake ilishabihiana na ya kaka yake kama sahani mbili za seti moja. Tulichukua seli mama za Otilia, tukazitia alama ya buluu, tukang'oa ukuta wote wa Bathromeo kipande kwa kipande na kupanda wa dada yake. Otilia mwenyewe alifariki mwaka juzi kwa homa ya mapafu. Tumboni mwa kaka yake alikuwa anaendelea kuchimba.

Mwaka huu tulipata punje za aina mpya. Zile za zamani zilikwenda nilikozielekeza. Hizi zinatembea zenyewe na haziachi kona, na kabla sijajiandaa zikanionyesha kona ya chini ya ini, pale utumbo unapopinda, mahali ambapo kwa miaka saba sikuwahi kupeleka taa. Katikati ya buluu palikuwa na doa jeusi. Niliposogeza jicho, doa likawa mashimo, na mashine ikayahesabu: elfu mbili mia moja na nne, yote ya Bathromeo mwenyewe.

Nilitoa mkono kwenye glavu. Mzee akauliza kutoka kitandani kama mavuno ni mazuri. Nikamwambia picha haijatulia, asubiri kidogo.

*

Naomba niseme wazi, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha ya mtu mwingine.

Bibi yangu Kolumba alikuwa na tabia yake shambani. Kila alipopalilia, aliacha ngoro moja pembezoni na magugu yake. Haikuwa desturi ya Wamatengo wote, na mke wa mjomba alimcheka waziwazi kwamba ni uvivu uliovaa rozari. Bibi hakujali. Alisema shamba ni la kuazima, na ukiazima kitu cha mtu usikimalize chote. Sisi wajukuu tulikua hivyo. Mpaka leo siwezi kuosha sufuria la ugali bila kuacha ukoko wa kidole kimoja kwa ajili ya kuku, na sina kuku.

Siku ya mwisho ya kumng'oa Mzee Kapinga, nikiwa na miezi mitatu tu kazini, lilibaki shimo lake moja la asili, kule kwenye kona ya ini. Nililitazama. Seli mama zake zilikuwa zinazaa kama kawaida, hazina habari kwamba nchi yao nzima imeshakwisha. Ukucha ulikuwa tayari. Mkono wangu ukafanya ulichofundishwa na Bibi Kolumba, ukapita. Kisha nikaandika kwenye taarifa, mahali panapouliza mashimo ya asili yaliyobaki: Hakuna.

Magugu ya maharage hayaui mtu. Nilichokiacha mimi kilikuwa na uwezo wa kumuua baba wa watu, na nililijua hilo usiku ule ule, nikashindwa kurudi kusema. Kila mwaka niliielekeza taa mbali na kona ile. Nilikuwa najiambia shimo moja kati ya mamilioni litamezwa na majirani. Lakini wakati ule ukuta ulikuwa umeng'olewa upya, ardhi iko tupu, na shimo likiona nafasi linagawanyika: mdomo unaanza kuwa miwili, tuta linapanda katikati, na kesho yake ni mashimo mawili. Shimo langu lilijitwalia kadiri lilivyoweza kabla watoto wa Otilia hawajafika.

Nilichukua seli kumi kutoka kwenye doa lile nikazipeleka kwenye mashine ya kusoma jeni. Nilikuwa natafuta maneno ya kuandikia barua ya kuacha kazi. Majibu yalipokuja niliyasoma mara tatu, kisha nikaenda kuyasomea chooni peke yangu.

Kasoro haikuwepo.

Kila seli inapojigawa inanakili kitabu cha herufi bilioni kadhaa. Inakosea, kama mtu yeyote anayenakili, na makosa mengi hayana maana, mengine yanaharibu. Lakini ikitokea, na hesabu zake hata sithubutu kuzitaja, kosa jipya linaweza kuangukia palepale penye kosa la zamani, na kulirudisha kama lilivyopaswa kuwa. Hakuna daktari aliyelifanya hilo. Lilikuwa limetokea lenyewe, kimya, katika seli mama moja ya shimo lile, pengine hata kabla mimi sijazaliwa. Huyo mmoja ndiye aliyewarithi wenzake, kwa sababu shimoni mwisho wa yote uzao wa mama mmoja tu ndio unaobaki. Ugonjwa ulioua vizazi vinne vya ukoo huo ulikuwa umepona katika tundu moja lisiloonekana kwa macho. Nilikaa juu ya kifuniko cha choo nikalia, na sikujua nalia kwa furaha au kwa hofu.

*

Nilimwambia Dk. Hyera yote. Yeye ndiye mkuu wa kituo, mwanamke mkavu asiyepandisha sauti, na ndiye aliyenifundisha kushika ukucha. Alisikiliza akiwa anapanga kalamu zake mezani kwa urefu. Alipomaliza kupanga akanieleza kanuni, ambayo ninaijua: mashimo ya asili yakionekana, yanachomwa ndani ya siku kumi na nne. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema doa lile linaweza kuandikwa kuwa limechipuka upya, jambo ambalo hutokea. Lichomwe kesho, mzee awe salama, mimi nibaki na kazi.

"Na Fulgensia?" nikamuuliza.

Fulgensia ni binti wa Mzee Kapinga, mwalimu wa darasa la tatu kule Maguu, miaka ishirini na mbili, na karatasi zake tunazo sisi. Ameurithi ugonjwa. Ana vinundu zaidi ya sitini. Tulijaribu mbegu za shangazi yake, zile seli mama za Otilia, mwili ukazikataa. Alikuwa na miadi Songea, Jumatano ya wiki ya pili baada ya ile, ya kuondolewa utumbo mpana wote na kuvaa mfuko tumboni maisha yake. Mbegu ya mzazi mwili wake ungeweza kuipokea kwa kusaidiwa na dawa, lakini mama yake alishafariki, na mbegu safi ya baba haikuwepo. Mpaka wiki ile.

Dk. Hyera akaniambia nisikimbilie. Jeni safi peke yake haitoshi. Seli ikiwa kwenye chupa ni mtakatifu. Tabia yake utaijua ikiwa ukutani, penye majirani na chakula. Kabla ya kuitoa kwa mtu mwingine ni lazima ikae mwaka mmoja na nusu pale pale ilipo, inatazamwa. Muda wote huo, kama kuna kitu tumekosea kukisoma, kitakuwa kinakua ndani ya Bathromeo. Vinundu vya binti vinaweza kuzuiwa kwa muda huo, kwa shida.

"Ukimwambia baba," akasema, "umeshamwamulia. Mzazi gani atasema choma?"

Hapo ndipo nilipokwama, na nilikwama kweli. Nikichoma bila kusema, namlinda mgonjwa wangu, ambaye ndiye niliyeapa kumlinda, na najilinda mwenyewe, jambo lililonifanya niushuku uamuzi huo. Nikisema, namkabidhi mzee mzigo ambao hawezi kuukataa. Nilikwenda na swali hilo misa ya Jumapili na kurudi nalo. Jibu halikushuka. Nilichokiona ni kwamba mara ya kwanza niliamua peke yangu juu ya mwili wa Bathromeo Kapinga, bila yeye kujua, na nikimchoma kimyakimya nitakuwa nimeamua peke yangu mara ya pili.

*

Jumatatu niliwaita wote wawili, baba na binti. Sikutaka kuwaambia kwa maneno matupu, kwa hiyo nilimkalisha mzee kwenye kiti changu, mbele ya kioo. Katika miaka saba hakuwahi kuomba kuona.

Nikawasha. Ukuta ukatokea mbele yake wote, kilima kwa kilima, buluu mpaka unapopinda na kupotea.

Mzee Kapinga akacheka taratibu, kama nilivyojua atacheka, na akamwita binti yake kwa kilugha asogee aone. Aliinyoosha shingo, akafuata matuta kwa kidole bila kugusa kioo. Akauliza nani anachimba. Nikamwambia ni Otilia. Alikaa muda mrefu na kidole chake hewani. Nikamweleza kwamba wale anaowaona leo ni wajukuu wa wajukuu wa seli tulizopanda, kizazi cha mia tano na zaidi, na kwamba kila siku wanajiachia kwa mabilioni na kila siku wanazaliwa wengine, hata alipokuwa makaburini anamzika dada yake, hawakusimama.

Baada ya hapo nikamwonyesha doa. Nikamweleza shimo nililoliacha, Bibi Kolumba, neno Hakuna, na kona niliyoikwepa. Nikamweleza majibu ya jeni, na mwaka mmoja na nusu, na hatari yake. Sikumtazama usoni mpaka nilipomaliza.

Fulgensia ndiye aliyekasirika. Aliniuliza nilikuwa nani mpaka nichezee tumbo la baba yake kama bustani ya bibi yangu. Hakukosea. Akamgeukia baba yake.

"Baba, mimi sitaki. Nitavaa mfuko. Sitaki kupona kwa kitu kinachoweza kukuua."

Mzee alikuwa bado anatazama doa. Aliniomba nisogeze jicho mpakani, pale nyeusi inapokutana na buluu. Akauliza ngoro zinazochimbwa upya ziko wapi. Nikamwonyesha jinsi ya kuzitambua, zile zenye midomo miwili. Akanitaka nizihesabu pande zote mbili. Sikuwa nimefikiria kufanya hivyo. Nilikuwa na hofu nyingi kuliko akili. Mashine ikahesabu. Kati ya kila mashimo elfu moja, upande wa Otilia yaliyokuwa yanagawanyika yalikuwa matatu. Upande wa Bathromeo yalikuwa matatu.

Akasema mtu anayenyang'anya shamba la mwenzake unamjua mpakani, kwa sababu ndipo anapochimba sana. Hawa shamba lilipokuwa tupu walijitwalia, likajaa, wakatulia. Nikamwambia huo ni ushahidi mzuri lakini hautoshi, mpakani panaweza kutulia leo na kuchafuka mwakani. Akanijibu kwamba amelima mlimani miaka arobaini na hakuna msimu aliowahi kuahidiwa.

Kisha akamwambia binti yake, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Otilia kanilimia miaka saba. Hakuniuliza kama nitapona. Mimi nina ngoro elfu mbili tu, unataka nizichome?"

Fulgensia akatoka nje.

Kabla hajaondoka, mzee aliniomba kitu kimoja. Alitaka kumwona mmoja akipita safari yote. Nikachagua seli moja iliyozaliwa asubuhi ile chini ya shimo katikati ya doa, nikaitia alama ya njano. Akaja Jumanne, akaikuta imepanda kidogo. Jumatano ilikuwa katikati ya ukuta, imeshaanza kunyonya maji. Alhamisi alikuja na Fulgensia, ambaye alisimama mlangoni mikono kifuani, akasema amemsindikiza tu kwa sababu barabara ina utelezi.

*

Ijumaa asubuhi Dk. Hyera aliniletea taarifa yangu ya miaka saba iliyopita. Pale palipouliza mashimo ya asili yaliyobaki, nilikata Hakuna, nikaandika Moja, nikatia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Akanyoosha mkono, nikampa glavu. Uchunguzi dhidi yangu ungeanza wiki inayofuata na sikuwa na matumaini makubwa. Glavu ile ilikuwa imeshachukua umbo la vidole vyangu, na niliona uchungu kuliko nilivyotegemea. Mlangoni aligeuka akasema hakuna kanuni inayomkataza mtu asiye mpalizi kuangalia kioo akiwa na mgonjwa.

Kwa hiyo nilivuta kigoda nikakaa karibu na Mzee Kapinga, mtazamaji kama yeye. Fulgensia alisimama nyuma yetu. Njano yetu ilikuwa imefika juu ya tuta. Ilikuwa imekaa pale tangu alfajiri, inafanya kazi yake, na nyuma yake msururu wa wadogo zake unasukuma polepole.

Hiyo ndiyo saa niliyokuwa naiogopa bila kumwambia mtu. Hapo ndipo seli za ukoo wa Kapinga zilipokuwa zinasahau. Tulikaa. Nilimsikia Fulgensia anavuta pumzi na kutoitoa.

Saa nne na dakika kumi, njano ikajikunja pembezoni. Majirani zake wakaanza kusogeleana chini yake, kama watu wanaobana kwenye benchi kumfunga nafasi anayeondoka, ili ukuta usibaki na tundu hata sekunde moja. Ikainuka. Ikabaki imeshikwa na uzi mmoja. Halafu ikajiachia, ikaenda.

Mzee Kapinga alivua kofia.

Baadaye kidogo akauliza imekwenda wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba ataiona chooni kesho asubuhi, kama ana macho makali kiasi hicho. Alicheka mpaka akakohoa, na Fulgensia akacheka pia kabla hajakumbuka kwamba amenikasirikia.

Alisogea mbele, akamwegemea baba yake begani. Chini ya shimo lile lile, wakati sisi tunacheka, seli mama ilikuwa imejigawa, na mtoto wake alikuwa ameshaanza kusukumwa juu. Fulgensia akamwelekezea kidole.

"Na huyu atafika lini?"

Nikahesabu siku moyoni, nikasita, kwa sababu nilijua siku hiyo ina nini kwake kule Songea. Nikamwambia Jumatano.

Fulgensia alimtazama yule mdogo. Kisha akachukua kofia ya baba yake kutoka mkononi mwake, akamvalisha.

"Basi Jumatano tutakuwa hapa," akasema.